FUNDISHO: MIZANI YA RESORI ISEME KWELI
Namna ya kuipima, kuitengeneza na kuitunza sisi wenyewe pale kijijini



Mu fundisho lililopita tulizungumza juu ya kukausha maharagi vizuri. Leo tunaongea juu ya kitu kidogo ambacho kinatundikwa kwenye mti wa depo na ambacho kila mtu anakiamini bila kukiuliza swali: mizani ya resori. Ni ile ya uso wa mviringo, mshale mmoja na ndoana chini. Kituo cha afya kiko na ndugu yake mdogo, ile ya kilo 25 wanayopimia watoto. Mu koperative nyingi tunatumia ya kilo 50 ao ya kilo 100.

Tulichagua fundisho hili juu ya jambo tuliloliona sisi wenyewe.

KILO 48 ZILIKIMBILIA WAPI?

Mu msimu A uliopita, koperative moja tunayoitembelea ilinunua mifuko 60 ya maharagi kwa wanachama wake. Kila mfuko ulipimwa kwa mizani ya resori mbele ya mwenyewe na kuandikwa mu kaye. Siku ya kuuzisha, mnunuzi alikuja na mizani yake ya kusimamisha chini. Walipojumlisha, kilo 48 zilikosekana, karibu mfuko mzima.

Funguo za depo zilikuwa kwa mama mmoja, magazinye wa koperative tangu siku nyingi. Mnajua namna mambo yanavyoendaka. Siku ya kwanza batu wanauliza. Siku ya pili wanaongea pembeni. Siku ya tatu komite inaandika barua kwamba mama alipe.

Tulipofika tulimwomba: "Mama, tunaomba utuonyeshe ile mizani."

Akatujibu: "Karibuni, bana bangu. Ile pale juu. Hata mimi sijui hizi kilo zinakimbilia wapi. Funguo ninalala nazo."

Tukatazama mizani ikiwa tupu, bila kitu chochote kwenye ndoana. Mshale haukuwa kwenye sifuri. Ulikuwa umepita alama nne. Kila alama ilikuwa gramu 200, ni kusema gramu 800. Tukafanya hesabu pamoja na komite: gramu 800 mara mifuko 60 ni gramu 48.000. Njo zile kilo 48.

Hakuna mtu aliyeiba. Koperative ililipa kila mara gramu 800 za hewa. Baadaye tulijua kwamba watoto walikuwa wanajitundika kwenye ndoana jioni ili kujua kilo zao, na mara mingine mfuko ulilala pale juu usiku mzima. Resori ilichoka. Komite ilirudisha barua yake na kumwomba mama msamaha mbele ya mkutano wote, na hasara ilibebwa na sanduku la koperative. Lakini mama alikuwa amekwisha kukaa wiki mbili bila kwenda kwenye maji mchana, juu ya haya.

Hapa mizani iliumiza koperative. Mahali pengine inaumiza mlimaji: mshale unaanzia chini ya sifuri, na kila mfuko unapoteza kitu. Kwa upande wowote, mizani isiyosema kweli inaharibu uaminifu kabla ya kuharibu pesa.

RESORI INAFANYAJE KAZI?

Ndani ya mizani kuna chuma kilichojizungusha, njo resori. Ukitundika mzigo, inavutika. Mwaka 1678 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Robert Hooke, aliandika sheria yake: mzigo ukiwa mara mbili, resori inavutika mara mbili. Kilo 10 zikiivuta sentimita 1, kilo 20 zitaivuta sentimita 2. Kwa hiyo alama za usoni ziko na nafasi sawasawa.

Lakini sheria hiyo iko na mpaka. Ukipitisha mzigo ambao resori inaweza, ao ukiuacha muda mrefu, chuma hakirudi tena mahali pake. Inabakia ndefu kidogo, na mshale unabakia mbele ya sifuri. Kutu nayo inakula chuma na kukipunguza unene; resori inalegea na kuonyesha kilo nyingi kuliko zile za kweli. Na mtu akikata mzunguko mmoja wa resori, inakuwa ngumu na inaonyesha kilo chache. Hiyo ni akili mbaya ya wanunuzi fulani, na vipimo tutakavyofundisha chini vinaigundua.

KOSA ZIKO ZA AINA MBILI

Mfikirie mtoto anayelinda mpunga na manati yake. Analenga kopo lililo juu ya kisiki. Siku moja mawe yake matano yote yanapiga mahali pamoja, lakini mkono mmoja upande wa kushoto wa kopo. Siku ingine mawe yanatawanyika: moja kushoto, moja kulia, moja juu, moja chini.

Mtoto wa kwanza ni rahisi kumsaidia: asogeze shabaha yake kidogo upande wa kulia, basi. Wa pili, hata umwambie asogeze wapi, haitasaidia. Kwanza atafute kinachotawanya mawe: mpira wa manati haulingani, mkono unatetemeka, mawe hayafanani.

Mizani iko vile vile. Ikikosea kila mara kwa kiasi kile kile, tunaweza kuisahihisha. Ikisema leo 31, kisha 30, kisha 32 kwa mfuko ule ule, usiguse burugi yoyote. Tafuta kwanza kinachotawanya. Walimaji wengi wanaanza kwa kuzungusha burugi, na njo wanapotea.

VITU VYA KUTAYARISHA

1. Mti wa dari ao nguzo yenye nguvu, isiyoyumba, chini ya kivuli.
2. Kamba fupi yenye nguvu, ao mnyororo.
3. Bidoni mbili za litre 20, safi na kavu.
4. Chupa moja ya maji ya litre 1,5, mpya, haijafunguliwa.
5. Mfuko mmoja wa maharagi ao wa mahindi, wa kilo 30 hivi.
6. Kitambaa kikavu, burashi ndogo, kaye na biki.
7. Watu watatu: mmoja wa kutundika, mmoja wa kusoma, mmoja wa kuandika. Inafaa mmoja wao asiwe wa komite.

KIPIMO CHA KWANZA: SIFURI

Tundika mizani tupu. Ngoja itulie. Piga uso wake kidole kidogo, polepole, ili mshale usikwame. Simama mbele yake, macho yalingane na mshale. Ukitazama kutoka pembeni, ukiwa juu ao chini, utasoma alama ya jirani.

Kama mshale hauko kwenye sifuri, andika kwanza mu kaye ni alama ngapi umepita ao umebakia nyuma, pamoja na tarehe. Kisha njo unazungusha burugi ya sifuri. Mu mizani nyingi iko juu, karibu na pete ya kutundikia, ao nyuma ya uso. Zungusha polepole mpaka mshale ufike. Tundika mfuko, uondoe, utazame tena. Ukirudi kwenye sifuri mara tatu, iko vizuri.

Kwa nini kuandika mbele ya kutengeneza? Kwa sababu namba hiyo njo ushahidi. Kama wale wenzetu wangezungusha burugi bila kuandika, mama magazinye angelipa zile kilo 48.

KIPIMO CHA PILI: MARA TANO KITU KILE KILE

Tundika ule mfuko wa kilo 30. Soma, andika, ondoa kabisa kwenye ndoana. Rudia mara tano. Anayesoma asitazame kaye, juu asije akasema namba ya kwanza kwa mazoea.

Kama namba zote tano zinakaa ndani ya alama moja, mizani inashika vizuri, hata kama haijasema kweli bado. Kama zinatawanyika, tafuta sababu moja kwa moja, na baada ya kila sababu rudia mara tano:

• Mti ao tawi linayumba. Hamisha mizani kwenye mti wenye nguvu. Kubeba mizani kwa fimbo juu ya mabega ya watu wawili si kupima, ni kukisia.
• Mfuko unagusa ukuta, mguu wa mtu ao chini. Hata kuguswa kidogo kunaiba kilo.
• Kamba inavuta upande. Mizani na mfuko vinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja wa kushuka chini.
• Mfuko bado unabembea. Ngoja utulie wenyewe, usiushike kwa mkono wakati wa kusoma.
• Vumbi na ganda za maharagi zimeingia. Pangusa kwa burashi na kitambaa kikavu. Usioshe kwa maji.
• Ndoana imekauka ao iko na kutu. Tia tone moja la mafuta mepesi ya mashini ya kushona kwenye kiungo cha ndoana. Usitie mafuta ya mawese: yanaganda, yanashika vumbi, na kiisha mizani inakwama kuliko mbele.

Mizani inayokwama unaweza kuijua pia hivi: sukuma mfuko juu kidogo kwa mkono, uuachilie polepole, usome. Kisha uvute chini kidogo, uuachilie polepole, usome. Namba mbili zikiachana zaidi ya alama moja, ndani kuna kitu kinachokataza mshale kutembea.

KIPIMO CHA TATU: MAJI NJO SHAHIDI

Sasa tunauliza kama mizani inasema kweli. Hatuna mawe ya kupimia ya serikali kijijini, lakini tuko na maji. Litre moja ya maji safi ni kilo moja. Kwa joto la kwetu inapungua gramu 2 ao 3 tu, hazionekani kwenye mizani hizi.

Mbele ya kufungua ile chupa mpya ya litre 1,5, piga alama na biki pale maji yanapofika. Hiyo njo kipimo chako. Usiamini bidoni "ya litre 20" iliyojazwa mpaka mdomoni: mara nyingi inabeba litre zaidi ya 20.

a) Tundika bidoni tupu. Soma na uandike.
b) Ishushe, tia maji chupa 12, kila chupa mpaka kwenye alama. Hizo ni litre 18, ni kusema kilo 18.
c) Tundika, soma, andika. Toa uzito wa bidoni tupu. Inapaswa kubakia 18.
d) Fanya vile vile kwa bidoni ya pili, kisha uzitundike zote mbili pamoja. Ukitoa uzito wa bidoni zote mbili na kamba, inapaswa kubakia 36.

Chupa inaweza kukosea kidogo, kwa hiyo tofauti ya alama moja ao mbili usiifanyie kelele. Lakini kama kilo 18 inaonyesha 18,4 na kilo 36 inaonyesha 36,8, tazama vizuri: kosa linakua pamoja na mzigo. Hiyo si sifuri. Ni resori yenyewe iliyolegea, na burugi ya sifuri haiwezi kuiponyesha.

Usifungue mizani ili kukaza, kukata ao kuvuta resori. Hatujaona hata mmoja aliyefanya vile akafaulu. Wakati mnatafuta mizani mpya, bandikeni karatasi ya masahihisho kwenye ukuta wa depo. Kwa mfano wetu ingekuwa hivi:

Mizani inasema 18,4 – andika 18
Mizani inasema 23 – andika 22,5
Mizani inasema 36,8 – andika 36
Mizani inasema 46 – andika 45

Karatasi hii isomwe mbele ya wanachama wote na itiwe sahihi na komite. Isiwe siri ya mtu mmoja. Na kama kila mwezi kosa linaongezeka, mizani hiyo imekwisha kazi. Iondoeni kabisa, isiende kwa koperative ya jirani kama zawadi.

JIWE LA KOPERATIVE

Maji yanatosha kugundua kosa kubwa. Ili kujua zaidi, tunashauri kila koperative itengeneze jiwe lake. Chukueni bidoni moja ndogo, tieni mchanga uliokaushwa vizuri juani, fungeni kifuniko na kukiziba kwa gundi ao plastiki iliyoyeyushwa, juu unyevu usiingie. Kisha mpeleke bidoni kwenye mizani nzuri, iliyokaguliwa na ofisi ya serikali inayohusika na vipimo, na muandike kilo zake juu ya bidoni kwa rangi isiyofutika. Hata ikiwa kilo 19 na gramu 600, si neno. Kitu cha maana ni kwamba uzito wake unajulikana na haubadiliki.

Kila asubuhi ya siku ya kununua, jiwe linatundikwa la kwanza, mbele ya watu. Dakika mbili tu. Mlimaji anayefika na mazao yake anaona mwenyewe kama mizani imeamka vizuri.

DESTURI ZA SIKU YA KUPIMA

1. Tazameni sifuri asubuhi, saa sita na jioni, na kila baada ya mifuko 20.
2. Pimeni kwenye kivuli. Resori ikikaa kwenye jua kali inalegea kidogo.
3. Mwenye mazao asome wa kwanza, kwa sauti. Kisha magazinye asome. Wakikubaliana, njo inaandikwa.
4. Toeni uzito wa mfuko. Gunia la juti linaweza kukaribia kilo nzima, lakini mfuko wa plastiki uliosukwa ni gramu mia moja hivi. Pimeni mifuko mitupu 10 pamoja na mgawanye kwa 10.
5. Msipitishe kamwe namba ya mwisho ya mizani. Mfuko wa kilo 60 usitundikwe kwenye mizani ya kilo 50, hata kwa dakika moja.
6. Jioni ondoeni mizigo yote, shusheni mizani, muifungie mu sanduku kavu. Watoto wakitaka kujua kilo zao, waende kwenye kituo cha afya.

ANGALISHO: SI KILA KILO INAYOPOTEA NI KOSA LA MIZANI

Mazao yanakauka, na maji yakitoka uzito unatoka nayo. Maharagi mliyonunua yakiwa na unyevu wa 16 kwa 100 na yakauke mu depo mpaka 13 kwa 100, kila kilo 100 zitabakia karibu 96 na nusu. Kwa mifuko 60 ya kilo 50, ni kusema kilo 3.000, zitapotea kilo kama 103 bila mwizi, bila panya na bila kosa la mizani.

Kwa hiyo kabla ya kumwandikia magazinye barua, komite ijiulize maswali manne, kwa mpangilio huu: Sifuri ilikuwa wapi? Uzito wa mifuko ulitolewa? Mazao yalikuwa na unyevu gani siku ya kuingia? Kuna panya ao wadudu? Baada ya hayo manne, njo mnaweza kuanza kuongea juu ya watu.

KAZI YA KIKUNDI

Mu mkutano wenu unaokuja, fanyeni hivi:

• Chagueni watu watatu na mfanye vipimo vitatu, mbele ya wanachama.
• Andikeni matokeo kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye ya mizani. Kama hamna kaye hiyo, ifungueni siku ile ile.
• Jibuni pamoja: mizani yetu ikipita sifuri kwa alama mbili za gramu 200, na tumenunua mifuko 150, ni kilo ngapi tulilipa bure? (Jibu: kilo 60.)
• Amueni nani atatunza jiwe la koperative. Inafaa asiwe yule anayetunza mizani.

Wandugu, jembe tunalinoa, panga tunalinoa, na mizani nayo inataka kunolewa kwa namna yake. Asubuhi moja na bidoni mbili za maji zinatosha. Yule mama magazinye bado anafanya kazi yake. Siku hizi, kabla ya kufungua mlango wa depo, anatundika jiwe na kuita mtu wa kwanza kwenye mstari aje asome. Anasema hivi analala vizuri kuliko wakati alipokuwa analala na funguo.

Tuandikieni matokeo ya vipimo vyenu kupitia animatere wa kwenu. Mu fundisho linalokuja tutaongea juu ya namna ya kujua unyevu wa maharagi bila mashini. Tuwatakie mavuno mema.